Maoni yaliyofichwa kwenye faili za LaTeX: nifute?

Swali: Wakuu, mswada uko tayari kutumwa, ila faili za LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi kwa amri) zimejaa maoni nyuma ya alama ya %: aya tulizokataa, hata mabishano yangu na mwandishi mwenzangu. PDF haiyaonyeshi. Niache tu?

Jibu: Usiache! Ukipeleka arXiv (hifadhi ya mtandaoni ya makala za kisayansi), yeyote anaweza kupakua faili chanzo. Tumia programu ya latexpand: huunganisha faili zote zinazoitwa kwa amri ya \input kuwa moja na kufuta maoni.

Jibu: Ukifuta kwa mkono, usiguse \%, hiyo ni asilimia halisi. Na % ya mwisho wa mstari huzuia nafasi tupu ambayo mwisho wa mstari ungeiweka. Niliwahi kuiondoa, picha mbili za nusu upana zilizokaa sambamba zikatengana, moja ikashuka chini. Futa maneno, alama ibaki.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimesafisha nakala, nikalinganisha PDF zote mbili ukurasa kwa ukurasa: hakuna tofauti.