Raga ya wachezaji 13: wenye asili ya nchi au waliokuzwa nyumbani?

Swali: Wanajamvi, mwaka 2017 Tonga iliifunga New Zealand 28 kwa 22 mjini Hamilton, ikiwa na Jason Taumalolo, mzaliwa wa Auckland aliyekuwa ameichezea New Zealand kabla ya kuichagua nchi ya wazazi wake. Je, ushindi wa namna hiyo unaikuza raga ndani ya Tonga yenyewe?

Jibu la 1: Kwa sehemu tu. Kijana wa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, hupata wa kumwigiza, lakini shujaa wa kwenye runinga si uwanja wala si kocha. Tazameni Papua New Guinea, ambako klabu ya Hunters iliingia ligi ya jimbo la Queensland, Australia, mwaka 2014 na kutwaa ubingwa mwaka 2017 kwa vijana waliolelewa humo humo nchini.

Jibu la 2: Ndugu, huko Papua New Guinea raga hii ndiyo mchezo wa taifa, kwa hiyo si kipimo cha haki. Samoa ilifika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 ikitegemea zaidi waliokulia Australia na New Zealand. Bila wao, nani angewasumbua wakubwa?

Muuliza swali: Nakubali, ila mapato ya mechi hizo yafike shuleni visiwani.