Kanisa likimlaza mkimbizi asiye na karatasi, linamhifadhi au linamficha?

MamaKadzo, Malindi

Hamjambo ndugu na dada zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama katika kanisa letu la Kianglikana huku Muyeye. Nina jambo ambalo limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Kuna mama wa Bukavu, Kongo, analala na wanawe wawili kwenye chumba chetu cha shule ya Jumapili. Alikimbia mji ulipotekwa Februari 2025, akakaa Uganda kwa muda, halafu akashuka na basi hadi huku kwa sababu mtu wa kwao alikuwa akiuza vitenge Malindi. Alipofika, yule mtu alikuwa ameshahama. Nilimkuta kwenye baraza ya kanisa Jumatano ya mazoezi ya kwaya, mtoto mdogo mwili unawaka homa. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, niko naomba kulala tu." Nikampa ufunguo. Sikumuuliza mtu.

Chakula hakijawa shida. Huyu analeta unga, yule muhogo, na jirani mwenye mgahawa hutuma mahamri na mbaazi asubuhi. Mama mwenyewe ni fundi wa cherehani. Ameshatushonea upya kola za kanzu zote za kwaya na akakataa hata senti.

Shida ni kikao cha wazee wa kanisa Jumapili iliyopita. Mmoja alisema tutafungwa kwa kuweka mgeni asiye na karatasi. Mwingine akasema tumchangie nauli aende zake, tutamwombea. Hilo la nauli lilinichoma. Nauli ya kwenda wapi? Nikawasomea Mathayo 25, pale Yesu anaposema alikuwa mgeni wakamkaribisha, nikaambiwa, "Mama Kadzo, hayo ni mahubiri, hapa tunazungumzia polisi." Nikanyamaza, kwa sababu kweli sheria siijui. Na yeye alipojaribu kwenda peke yake kwenye ofisi moja, aliambiwa arudi na mtu wa kueleweka. Analia akikumbuka neno lile.

Naomba anayejua anieleze: tunavunja sheria? Na kanisa lafaa lifanye nini zaidi ya kumpikia? Mimi nataka lisimame naye.

Karani wa Haki

Mama Kadzo, shikamoo. Nimejitolea miaka sita katika msaada wa kisheria kwa wakimbizi, nitakujibu nilivyozoea kuwajibu watu pale mezani.

Mzee aliyetaja kufungwa hakusema uongo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamwadhibu anayemficha mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria. Neno la kushika ni *kumficha*. Anayeomba hifadhi ana sheria yake, ile ya Wakimbizi ya 2021. Inakataza kumrudisha mtu kule ambako maisha yake yako hatarini, na Kenya ilishafungwa na ahadi hiyo tangu 1966 ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Mkataba huohuo unasema asiadhibiwe kwa sababu tu hakuingia kwa njia halali, mradi ajitokeze bila kukawia na aeleze sababu.

Kwa hiyo ajitokeze, wiki hii. Anatakiwa kufika mbele ya afisa wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ndani ya siku 30 tangu aingie. Kama zimepita, aende hivyo hivyo na aseme kilichomchelewesha: mtoto mgonjwa, kutojua, kufukuzwa ofisini. Pigeni simu kwanza mjue mtapokelewa wapi na siku gani, maana safari ya bure na watoto wawili si mchezo. Atachukuliwa alama za vidole, apewe karatasi ya mwombaji hifadhi, na mahojiano yenyewe yatakuja baadaye. Kuandikishwa hakulipiwi. Akitokea wa kudai "ya chai", ondokeni mkaripoti.

Huenda pia mtu akawaambia Kongo iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, basi agongewe muhuri wa matembezi tu. Msikubali iishie hapo. Matembezi yana mwisho, na yeye hana pa kurudi.

Jambo moja gumu, msimfiche: anaweza kuelekezwa kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma au Dadaab. Kuishi mjini kunahitaji ruhusa yenye sababu. Barua ya kasisi, cheti cha hospitali cha mtoto na ushahidi kwamba ana kazi ya mikono vitasaidia kuijenga hoja yake. Na asiende peke yake. Nimeona mara nyingi mtu yuleyule aliyefukuzwa Jumatatu akipewa kiti Alhamisi, kwa sababu nyuma yake amekaa kasisi na mama wawili wenye vitambaa vya kanisa.

Mtoto wa Rabai

Mimi nina neno kwa wazee wako, mama yangu.

Kanisa letu hapa Pwani lilijengwa na nani? Wamisionari Krapf na Rebmann walianza misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, 1846, lakini walioijaza Rabai baadaye ni watoro, watumwa waliotoroka mashamba ya huku, yakiwemo ya Malindi. Wengine walikimbilia Fuladoyo, kijiji cha watoro alichokiongoza Mgiriama Mkristo, David Koi, na aliuawa kwa ajili yake. Frere Town ya Mombasa nayo ilianzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa.

Na mjadala wa wazee wako ulikuwepo vilevile. Wamisionari waligawanyika: wengine waliogopa mabwana wa watumwa watavamia misheni, wakataka watoro warudishwe. Aliyesimama na watoro Rabai ni William Jones, mwenyewe aliyekuwa mtumwa, akasomeshwa India na kupewa ushemasi 1885. Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbia, na kwake hilo halikuwa fumbo. Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru katika misheni za huku, Rabai ikiwemo. Hati, mama. Karatasi! Hawakuachwa na sala peke yake.

Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Wangempa nauli, mimi nisingekuwepo.

Mpeketoni ya Juu

Dada, naomba usiwahukumu wazee haraka. Juni 2014 nilizika majirani waliouawa na wavamizi wenye silaha hapa Mpeketoni. Tangu siku ile, uso nisioujua ukipita njiani, tumbo linanikaza. Si chuki.

Lakini kinachoniogopesha ni mtu asiyejulikana na yeyote. Nendeni kwa chifu na kwa mzee wa nyumba kumi, mumtaje jina, mseme analala kanisani na anangoja siku ya kuandikishwa. Mkifanya hivyo, hata mimi nitalala.

Bint Athman, Lamu

Mimi ni Mwislamu, mniwie radhi kuingia. Vita vya Somalia vilipowaka 1991, ndugu zetu Wabajuni walikuja na majahazi, watoto wamekauka midomo kwa chumvi. Mamangu alitandika mikeka hadi jikoni. Wengine walipelekwa kambi za huko kwenu, Marafa na Mombasa, na zilipofungwa wakahamishiwa Kakuma na Dadaab. Shoga yangu wa chuoni alikuwa kati yao. Aliondoka na lori, na hatukuwa na mtu wa kuandika barua hata moja kumtetea. Nyinyi mnaye kasisi. Mwandikieni.

MamaKadzo, Malindi

Nimewasoma nyote mara mbili, ya pili kwa sauti, na mama wa Bukavu akiwa pembeni yangu. Ile ya Kakuma nimemwambia wazi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama huko kuna cherehani.

Kasisi ameandika barua, nami nimepata cheti cha hospitali cha mtoto. Jana tulikwenda kwa chifu. Aliandika majina yote matatu kwenye daftari lake. Simu ya Idara ilipokelewa, tumepewa Jumanne. Tutakwenda wanne: mimi, kasisi, mwenye mgahawa, na yule mzee aliyetaja nauli. Ameileta, ila sasa anasema ni ya kwenda na kurudi, na yeye mwenyewe amo safarini.