Bukavu: mwanafunzi ajichagulie somo, ao programu imwongoze?

Swali: Darasa la 8 huku Kadutu lina tableti zinazoshikana na seriva ndogo yenye Kolibri, programu ya masomo na mazoezi, bila intaneti. Tunaweza kuacha maktaba wazi, ao mwanafunzi aone tu masomo aliyopangiwa. Tushike njia gani?

Mwalimu wa hesabu: Tufunge. Mtoto asiyejua kutafuta PPCM (namba ndogo kabisa inayogawanyika na namba zote mbili za chini) hajui kwamba ndiyo inayomkwamisha kwenye 3/4 + 1/6. Ukimwacha huru atarudia mazoezi anayoyaweza tayari. Mwaka 1972 Richard Atkinson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwafundisha watu maneno ya Kijerumani kwa kompyuta. Walipopimwa wiki moja baadaye, waliojichagulia maneno walipata 58%, na waliochaguliwa na programu iliyofuata makosa ya kila mmoja walipata 79%.

Mwalimu wa Kifaransa: Mwalimu, kuna namba ya tatu: kompyuta ilipochagua ovyo, walipata 38%. Mwongozo mbovu unashindwa na uhuru. Na Kolibri haifuati makosa ya kila mtoto namna ile. Ukifunga maktaba, kinachoongoza ni orodha yako ya Jumatatu, ileile kwa watoto 50. Anayejua tayari kujumlisha sehemu unampotezea saa nzima kwa hatua asizozihitaji.

Fundi wa seriva: Tena kufunga kunashika seriva nzima, hauwezi kumfungia mmoja ukamwachia mwingine. Kinachogawanyika ni somo: unaweza kulipangia kikundi ao mwanafunzi mmoja. Anzeni na jaribio la maswali 10. Chini ya 6, kikundi cha PPCM. Kuanzia 6 mpaka 8, mazoezi ya kujumlisha sehemu. Wa 9 na 10 waachieni maktaba. Kila mtoto aingie kwa jina lake. Wawili wakitumia jina moja, ripoti haisemi kitu. Jaribio lirudiwe kila wiki mbili, la sivyo vikundi vinaganda na mtoto anabaki chini wakati amekwisha kuelewa.

Mwalimu wa hesabu: Vikundi nakubali, fundi. Basi maktaba ibaki wazi, lakini dakika 30 za kwanza ni za somo lililopangwa, 15 za mwisho za kujichagulia. Na hapo wachague mazoezi, si video.

Mwalimu wa Kifaransa: Hapo kwa video ndipo tunaachana, Mwalimu. Mtoto anayerudi mwenyewe kwenye video ya PPCM mara ya pili amekwisha kuijua shida yake. Kwa nini umzuie?