Dawa ya ADHD: shuleni ametulia, chuoni hatulii

Mama wa Langoni: Assalamu alaikum. Mtoto wa miaka 8, hapa Lamu, daktari amethibitisha ana ADHD, hali ya kukosa umakini na utulivu. Anameza methilifenideti miligramu 5 asubuhi. Shuleni sawa, lakini chuoni (madrasa) alasiri hatulii kabisa, na chakula cha mchana hakigusi. Dawa imeshindwa?

Muuguzi wa watoto: Waalaikum salaam, dada. Haijashindwa, imekwisha mwilini. Kidonge cha kawaida hufanya kazi saa 3 hadi 4 tu. Mwambie daktari, mara nyingi huongeza cha pili adhuhuri. Usimwongezee mwenyewe tafadhali, na kikichelewa hadi jioni usingizi utampaa.

Hamu ya kula hupungua dawa ikiwa kazini. Basi mlishe kabla ya kidonge: mahamri na mbaazi, yai, maziwa. Mlo mkubwa uwe magharibi. Kila kliniki apimwe uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo.

Maalimu: Chuoni akae mbele, mbali na mlango. Agizo moja kwa wakati. Asome aya 3, atumwe kujaza birika, arudi aendelee. Kumchapa hakumpi umakini hata kidogo, kunamchukiza chuo tu.