Binti yangu yuko mwaka wa kwanza udaktari, kapata sapu ya anatomia. Ndiyo basi tena?

Mama Zuhura

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mama wa hapa Tanga, nauza madera na vitenge Ngamiani. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikiuliza jambo lililo wazi kwenu mnivumilie.

Binti yangu alisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akafaulu, akapangiwa udaktari wa tiba. Juzi usiku kanipigia analia: "Mama, nina sapu ya anatomia." Nikamuuliza sapu ni kitu gani, akazidi kulia mpaka simu ikakatika. Kesho yake asubuhi akanipigia kijana nisiyemjua. Anasema anasoma chuo kimoja na Zuhura, ana watu ofisini, nitume laki tano jina litolewe kwenye orodha. Laki tano ninayo, iko kwenye kikoba, naweza kuitoa Jumamosi.

Naomba mnaojua mnieleze. Sapu maana yake kafukuzwa? Hiyo miaka mitano wanasoma nini hasa, na maksi zao zinatoka wapi? Na hela nitume au nisitume?

Tabibu wa Nyanda

Shikamoo mama. Hiyo hela usitume. Iache kwenye kikoba, na namba ya huyo kijana mpe Zuhura aipeleke kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo chao. Orodha ya matokeo haifutwi na mtu mmoja wa ofisini, inapita kwenye kikao cha idara, kikao cha kitivo, mpaka seneti ya chuo. Huyo kijana anajua wazazi wengi hawalijui hilo, na anajua usiku uliopita mwanao alilia.

Mimi ni daktari wa hospitali ya wilaya huku nyanda za juu kusini. Mwaka wa kwanza nilipata sapu, tena ya anatomia hiyohiyo, somo la viungo vya mwili, kwa hiyo ninalokueleza nimelipitia.

Sapu ni mtihani wa marudio. Hajafukuzwa, hajarudia mwaka. Anapewa nafasi ya kufanya tena somo aliloanguka, aghalabu mwezi wa tisa kabla mwaka mpya haujafunguliwa. Akipita, anaendelea na wenzake, ila maksi anayoandikiwa chuoni kwetu ilikuwa ni C tu hata angepata 90. Kufukuzwa ndiko wanakokuita kudisko, na huko kuna masharti yake, kama kuanguka masomo mengi kwa mpigo au kuanguka tena kwenye marudio baada ya kurudia mwaka. Zuhura yuko mbali na huko.

Sasa maksi. Kwetu kila somo lilikuwa na 100: 40 za kosiweki, yaani majaribio ya katikati ya muhula, na 60 za mtihani wa mwisho. Kupita ni 50. Watu wengi hawaangalii kwamba zile 60 nazo zimegawanyika. Kuna karatasi ya kuandika, na kuna mtihani wa vitendo, na huo wa vitendo kwenye anatomia ndio ulioniangusha mimi.

Nikueleze ulivyo. Unaingia ukumbi wa maiti, harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inakuchoma macho. Meza zimepangwa, kila meza ina kiungo, na kwenye kiungo imechomekwa pini yenye uzi mwekundu na namba. Kengele inalia, una kama dakika moja, unaandika, kengele inalia tena, unahamia meza inayofuata na huruhusiwi kurudi nyuma. Meza ya nne kwangu ilikuwa na mkono umelazwa kifudifudi, pini iko nyuma ya kiwiko. Mama, unajua ukigonga kiwiko pale kwenye mfupa unasikia kama shoti ya umeme mpaka kidole kidogo? Ile ni neva, yaani mshipa wa fahamu, inaitwa alna. Pini ilikuwa juu yake. Mimi nilikuwa nimekariri michoro ya kitabuni ambayo mkono siku zote unatazama juu. Nilipouona umegeuzwa, nikaandika neva nyingine. Na swali halikuuliza jina peke yake. Liliuliza: mtu akikatwa hapa, atashindwa kufanya nini? Jibu ni kutanua vidole. Nililijua jibu hilo, lakini kwa kuwa neva nimeikosea, na jibu likaenda na maji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Zuhura ni kwenda idarani akaombe mchanganuo wa maksi zake. Aliyeanguka karatasi na aliyeanguka pini dawa zao hazifanani. Aliyeanguka pini akijifungia chumbani na daftari wiki tano, atarudi kuanguka palepale.

Kuhusu miaka mitano. Miwili ya mwanzo ni darasani na maabara: anatomia, fiziolojia (mwili unavyofanya kazi), baiokemia (kemia ya mwili), kisha patholojia (magonjwa yanavyoharibu mwili), maikrobiolojia (vijidudu), famakolojia (dawa). Mwaka wa tatu wanaingia wodini, na hapo mtihani unabadilika sura kabisa. Unapewa mgonjwa mmoja, unakaa naye kama saa nzima peke yako, unamhoji, unampima, halafu waalimu wawili wanakuja kukuuliza mbele yake. Tunaita kesi ndefu.

Yangu ya kwanza alikuwa mzee mwenye kikohozi cha miezi. Nilimgonga kifua, nikasikiliza mapafu, nikahesabu pumzi, nikaandika kurasa tatu. Mwalimu akaniuliza swali moja: "Anafanya kazi gani?" Sikuwa nimeuliza. Akamgeukia mzee, mzee akajibu taratibu kwamba alikuwa Mererani, kwenye mashimo ya tanzanaiti, miaka tisa. Vumbi la mawe yale linaharibu mapafu na kumfungulia mlango kifua kikuu, na mimi nilikuwa nimelipita jibu lililokuwa limelala mbele yangu saa nzima. Nilipata 48. Mpaka leo hakuna mgonjwa anayekaa kiti changu bila kuulizwa kazi yake. Ndiyo maana chuoni kwetu ukianguka kitandani kwa mgonjwa umeanguka, hata kama karatasi umepata 80, na naona ni haki.

Mwaka wa Nne

Shikamoo mama, na shikamoo dokta. Niongezee kidogo kwa tulioko huko sasa hivi, ingawa vyuo vinapishana mpangilio.

Wodini tunazunguka kwa makundi: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wanawake na uzazi. Mwaka huu niliopo tunapita idara ndogondogo kama macho, masikio na pua, afya ya akili, pia afya ya jamii na utafiti. Mwaka wa tano tunarudi zile nne kubwa, ila safari hii tunaulizwa kama watu wanaokaribia kuachiwa wodi.

Kila mmoja ana kitabu cha kazi. Ukizalisha, ukishona kidonda, ukitoa maji ya mgongo, daktari aliyekusimamia anasaini. Kitabu kisipojaa mtihani hukai. Mimi kwenye wodi ya wazazi nililala leba usiku mbili mfululizo kwa sababu ya mistari miwili iliyobaki wazi, na yule mama wa pili alijifungua saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kike.

Halafu kuna oski. Ni kengele kama za anatomia lakini kila kituo kina kazi ya kufanya: hapa pima presha, pale mweleze mama jinsi ya kumpa mtoto dawa. Mwalimu kakaa kimya na karatasi ya kuweka vema. Usipojitambulisha kwa mgonjwa au usiponawa mikono, maksi zimeondoka kabla hujaanza.

Tabibu wa Nyanda

Kweli kabisa. Oski aliibuni Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, wakaichapisha 1975, kwa sababu kesi ndefu ina bahati ndani yake: mmoja anapata mgonjwa mwepesi, mwingine anapata mzito. Kwenye oski wote mnapita vituo vilevile. Mimi napenda vyote viwili vibaki. Vituo vya dakika chache havikufundishi kukaa na mzee mpaka akwambie habari za mashimo.

Wa Kisumu

Mama pole. Hapa kwetu Kenya kozi ni miaka 6 pale Nairobi na inaitwa MBChB, Uganda pale Makerere ni 5. Majina yasikuchanganye, ni kazi ileile. MD yenu ya Tanzania, yaani huo udaktari wa tiba, ni shahada ya kwanza, mtoto anaingia moja kwa moja kutoka sekondari, si kama Marekani ambako mtu huwa na digrii nyingine kwanza. Dadangu alirudia mtihani mwaka wa pili na sasa ni daktari wa watoto.

Mama Zuhura

Marahaba wanangu, Mungu awalipe. Hela sikutuma. Yule kijana kapiga mara tatu, ya nne nikampa mume wangu simu, hajapiga tena.

Zuhura kaenda idarani. Kaniandikia hivi: kosiweki 23 kwa 40, karatasi 16 kwa 30, vitendo 8 kwa 30. Jumla 47. Anasema zimepungua tatu tu, kwa hiyo haina shida kubwa. Nami nikalala usingizi. Ni kweli? Halafu akimaliza hiyo mitano ndiyo kawa daktari?

Tabibu wa Nyanda

Hongera kwa kutotuma, mama. Kuhusu hizo tatu, mwambie asizihesabu hivyo. Chuoni kwetu kwenye sapu kosiweki ilikuwa haiingii, mtihani wa marudio ulisimama wenyewe kwa 100. Kama na kwao ni hivyo, zile 23 hazimsaidii, aulize kesho. Lakini karatasi yake ni nzima. Shida ni pini, kama mimi.

Mimi nilivyofanya: kila jioni mimi na mwenzangu tuliomba ruhusa ya msimamizi wa ukumbi. Mmoja anachomeka pini kumi, mwingine anatoka nje, anaingia, anajibu kwa sauti huku saa inahesabu, kisha tunabadilishana. Kiungo tulikigeuza kila upande. Asikariri picha, ashike kwa mkono, afuate neva kuanzia inapotokea mpaka inapoishia.

Na hapana, mitano ikiisha bado kuna mwaka mmoja wa intani, miezi 12 hospitalini chini ya madaktari, kabla Baraza la Madaktari halijamsajili kufanya kazi peke yake. Ubingwa ni miaka mingine 3 au zaidi juu ya hapo. Kikoba usikivunje sasa, utakihitaji.

Mama Zuhura

Nimemsomea yote kwenye simu. Kesho anaanza na mwenzake wa chumbani. Ananiambia nikuulize: ile neva ya kiwiko, mtu akikatwa pale, inapona?

Tabibu wa Nyanda

Swali zuri, na linaweza kuulizwa mezani. Inashonwa. Inaota upya kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo kutoka kiwikoni mpaka kwenye misuli ya kiganja ni karibu mwaka, na kwa mtu mzima nguvu mara nyingi hairudi yote. Akifika ukumbini kesho, apime umbali huo kwa rula kwenye mkono wenyewe, halafu agawe.