MJADALA: Pesa za kupinga ukatili wa majumbani ziende jukwaani au kwa jirani?

Wanajamvi, salaam.

Kila Novemba 25 ikikaribia, Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinapotaka kuanza, tunagawanyika makundi mawili yale yale. Kuna wanaosema mashirika yanayotetea wanawake wanaopigwa yanavunja ndoa za watu kwa mafundisho ya wafadhili. Na kuna wanaotaka kazi iongezwe kama ilivyo: mikutano zaidi, magari ya matangazo zaidi, "vunja ukimya" kila kona. Hao wa kwanza siwaungi mkono hata kidogo. Hao wa pili nawaunga nusu. Ninacholeta mezani ni hiki: sehemu kubwa ya pesa za uhamasishaji iondolewe jukwaani, ipelekwe kwa yule mtu ambaye mwanamke humgongea mlango usiku.

Niwajibu kwanza wa kuvunja ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hiyo haikuletwa na mfadhili, ilitungwa na Bunge letu enzi za Mwalimu Nyerere. Ndoa inavunjwa na anayeinua mkono. Anayekuja kumwambia mwanamke kwamba ana haki anaikuta imeshavunjika.

Sasa kazi yenyewe. Nilihudhuria mkutano wa hadhara ambao shirika moja liliuandaa mtaani kwetu. Turubai lilifungwa, spika zikawekwa, ngoma ikapigwa, fulana zikagawiwa. Mwezeshaji alikuwa dada mwenye nia njema kabisa, akawaomba akina mama waseme wanayopitia. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa amekaa karibu na nguzo ya turubai, akasimama akasema. Jina la mume hakulitaja, lakini pale nani asiyejua mume wa nani ni nani? Alipomaliza akauliza, "Haya, nimesema. Leo nalala wapi?" Akapewa kipeperushi chenye namba ya simu. Saa kumi na moja jioni turubai likashushwa, gari likaondoka. Maneno yake yalifika kijiweni kwa mumewe kabla yeye hajafika nyumbani. Usiku ule alilala kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa sababu mke wa mjumbe alimfungulia mlango.

Huyo mke wa mjumbe hajawahi kualikwa kwenye semina yoyote. Mapema asubuhi alimsindikiza yule mama hadi Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, wakachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea matibabu, wakaenda hospitali. Nauli alitoa yeye.

Mwanamke anayepigwa haendi moja kwa moja kituoni. Anaanza kwa jirani, kwa shangazi, kwa mwenzake wa vikoba, kwa msusi wake, kwa balozi wa nyumba kumi. Na kila anapopita yupo mtu anayeweza kumrudisha kwa neno moja: "Vumilia mwanangu, hata sisi tulivumilia." Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wanaona kuna angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mkewe. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Yasomeni tena hayo, wanawake wamewazidi wanaume. Kwa hiyo mnaosema tuwafuate wanaume vijiweni na basi, mnaacha nusu ya kazi. Kungwi anayemfunda bibi harusi azifiche siri za ndani anasikilizwa kuliko spika ya kwenye gari, na anasikilizwa miaka mingi.

Halafu kuna jambo ambalo mikutano hailigusi kabisa: mali. Wengi wanaobaki wanajua fika kwamba kupigwa ni kosa, na bado wanabaki kwa sababu wanaamini wakitoka watatoka na kanga zao tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Ulizeni akina mama mtaani kwenu wangapi wamewahi kusikia habari hiyo. Ni jambo la kuelezwa taratibu, watu wameketi, kwenye kikao cha vikoba, na msaidizi wa kisheria anayeweza kurudi wiki ijayo kujibu maswali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hao. Watu wa kuifanya kazi hii wapo, hawajapewa nauli tu.

Mfano wa jirani zetu Uganda unanipa moyo. Jijini Kampala, programu inayoitwa SASA!, jina lililotoka kwenye Kiswahili chetu, iliwatumia watu wa kawaida wa mtaani, wanawake kwa wanaume, pamoja na polisi na wahudumu wa afya, wazungumze na wenzao pale pale wanapoishi, miaka kadhaa mfululizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Watafiti walikadiria kwamba katika maeneo yaliyofikiwa, kupigwa na mwenzi ndani ya mwaka uliotangulia kulikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko maeneo yasiyofikiwa. Maeneo yote yalikuwa manane tu, kwa hiyo simwambii mtu aichukue tarakimu hiyo kama msahafu. Lakini mwelekeo wake naukubali: waliofanya kazi walibaki pale pale.

Najua nitapingwa wapi. Mtasema jirani ni mmbea. Kweli, wengine ni wambea, na wapo mabalozi ambao wao wenyewe wanapiga wake zao. Ndiyo maana wachaguliwe na wanawake wa mtaa wenyewe. Ukiwauliza faragha "Ukipata shida usiku unakwenda kwa nani?" majina mawili matatu yatajirudia, na mara nyingi mwenyekiti hatakuwemo.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba jirani atageuka msuluhishi. Hili linanitia hofu kweli, kwa sababu sisi tunapenda kusuluhisha. Wazee wanaitwa, mume anaomba radhi, soda zinanywewa, kesi inafutwa kwa kuwa "ni mambo ya kifamilia". Jirani aliyefundishwa ni lazima ajue mipaka yake: kufungua mlango, kusindikiza, kutunza siri, basi. Na azijue dalili za hatari. Mwanamke aliyekabwa koo na mumewe, hata kama hana alama shingoni, yuko kwenye hatari kubwa ya kuuawa baadaye. Tafiti za nje zimeonyesha hivyo. Huyo hasuluhishwi kwenye mkeka. Anapelekwa polisi na hospitali usiku huo huo.

Wala jirani hachukui nafasi ya serikali. Uganda ina sheria maalumu ya ukatili wa majumbani tangu 2010, Kenya tangu 2015. Sisi Tanzania Bara bado tunaunga unga kwa Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Ndoa. Nyumba salama ni chache, na vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako mtu hupata daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, havijafika kwa wengi. Tuendelee kuvidai. Lakini hadi vijengwe, huyu wa leo usiku anakwenda kwa mtu.

Kwa hiyo nawauliza hasa mliofanya kazi hii kwenye kata zenu, na nyie mliowahi kugongewa mlango: mradi ulipokwisha, ni nani aliyebaki akiifanya kazi? Analipwa nauli na nani? Na siku mume alipomfuata yeye kwa vitisho, nani alimlinda? Hilo la mwisho mimi sina jibu lake, na bila jibu hilo siwezi kumshawishi mke wa mjumbe wetu aendelee.