Kutembea kwa miguu bonde la Ruchugi mpaka Malagarasi (Uvinza), siku moja inatosha? Wenye uzoefu njooni

Mtembezi wa Mwanga

Wakuu habari za muda huu. Niko Kigoma mjini, kazi ndo imenileta huku, na wikiendi zangu nyingi zinaishia ufukweni na sahani ya migebuka, sio kwamba nalalamika lakini mwili unaanza kuwa mzito. Gombe nishaenda, kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji nishaenda. Sasa kuna jamaa ofisini kaniambia kama napenda kutembea na napenda mambo ya kale niende Uvinza, nishuke na mto Ruchugi mpaka unapoingia Malagarasi, eti lile bonde lina historia ndefu kuliko Ujiji yenyewe. Nilimcheka maana Uvinza mimi naijua kwa dirisha la treni tu.

Ila kaniachia mdudu kichwani. Naomba kujua, hiyo safari inawezekana kwenda na kurudi siku hiyohiyo? Kuna kibali cha kuomba? Vipi mamba? Tutakuwa watu wanne, mmoja ni dada yangu toka Dar hajazoea kutembea umbali mrefu, hataki kusikia habari ya kulala porini. Nawasilisha.

Mvinza wa Stesheni

Mwakeye ndugu yangu. Huyo jamaa yako kakwambia kweli kabisa wala usimcheke tena, mpe hata soda.

Siku moja inatosha kama mnawahi. Lami ipo toka Kigoma mpaka Uvinza, ni kilomita mia na kidogo, mkitoka na gari yenu saa kumi na moja alfajiri mnafika bado kuna ubaridi. Mkitegemea haisi mtachelewa, zile mpaka zijae. Treni msiihesabu kwa safari ya kurudi siku hiyohiyo, ratiba yake ina mambo yake.

Mkifika msianze kutembea kama mko kwenu. Pitieni ofisi ya mtendaji mjieleze mnaenda wapi na kwa nini, hapo ndo mtapata na kijana wa kuwatembeza. Sababu ya kwanza ni usalama wenu. Sababu ya pili, sehemu ya bonde ni eneo la mgodi wa chumvi, ni mali ya watu na kuna mabwawa ya kukaushia, kuna walinzi, ukionekana unazungukazunguka na kamera bila taarifa utaulizwa maswali mpaka jioni. Ukiomba vizuri mara nyingi watu hawana shida, ukijifanya mjanja ndo shida inaanza.

Njia yenyewe sio ngumu kwa miguu. Hakuna mlima wa kutisha, ni kushuka taratibu na mto, vichaka, mashamba ya muhogo na mahindi ya watu (msikanyage), kisha miti ya miyombo kwenye miinuko. Kinachochosha ni jua. Saa sita mchana bonde lile halina upepo, linatokota. Kwa hiyo tembeeni asubuhi, saa tano muwe mmeshafika kwenye maungio ya mito, mpumzike kivulini, mrudi jua likishapoa. Maji beba mengi, ya mtoni usiyaamini na mengine yana chumvi hata ukiwa na kiu ya kufa hayanyweki.

Njooni kati ya Juni na Septemba. Masika msije, udongo wa mbuga ukilowa utaacha raba zako humo. Na jambo moja ambalo wageni hawalielewi, Ruchugi unatoka huko juu milima ya Kasulu, kwa hiyo Uvinza panaweza kuwa pakavu jua linawaka halafu maji yanapanda ghafla kwa sababu mvua imenyesha Kasulu jana yake. Kijana wa hapa anayajua maji kwa rangi, akisema hatuvuki hamvuki.

Ticha Mstaafu

Nimefurahi kuona swali kama hili, kwa kawaida vijana wakiuliza historia ya Kigoma wanauliza Livingstone na Stanley basi wamemaliza. Naomba niseme kidogo (sitakuwa mfupi, nisameheni).

Lile bonde linaanzia kwenye chumvi. Kandokando ya Ruchugi, karibu na unapoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi zinatoka ardhini. Mwaka 1967 walikuja watafiti, John Sutton na Andrew Roberts, wakachimba pale, wakakuta watu walikuwa wanachemsha chumvi toka karne ya 5 au ya 6 hivi. Piga hesabu, ni miaka kama 1,500 iliyopita, kabla ya Mwarabu wa Ujiji, kabla ya Mreno, kabla ya mambo yote tunayofundishwa kwamba ndo mwanzo wa biashara bara. Vigae vya vyungu vilivyokutwa kwenye tabaka za chini ni tofauti na vya tabaka za juu, maana yake watu walibadilika na ufinyanzi ukabadilika lakini kazi ikabaki ileile. Ni sehemu chache sana nchini utakazosimama ukasema kazi hii imefanywa hapahapa muda wote huo na bado inafanywa.

Kazi ilikuwa ya kiangazi. Masika mito inafurika, chemchemi zinazama na watu wako mashambani. Kiangazi ndo umati unakuja toka mbali, unapiga kambi bondeni, wanachota yale maji, wanachemsha kwenye vyungu mpaka inabaki chumvi, wanaifunga mizigo. Watawala wa Uvinza walikuwa wanachukua fungu lao, na hapo ndo nguvu yao ilipotoka. Chumvi ya Uvinza ilikuwa na jina, ilivuka hata ziwa kwenda Manyema huko Kongo. Halafu fikirieni kuni! Kuchemsha maji karne na karne kwa miti ya miyombo, mkipita mkaona vichaka mahali ambapo mngetegemea msitu, jiulizeni.

Wajerumani walipokuja mwanzoni mwa karne ya 20 wakaweka kiwanda pale, wakapaita Gottorp kwa jina la kwao. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na Uvinza iko njiani, mizigo iliyokuwa inabebwa kichwani ikapanda behewa.

Sasa huyo Stanley. Misafara ya pwani kwenda Ujiji ilikuwa inapita nchi hii ya Malagarasi. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, walipita mwanzoni mwa 1858 wakafika Ujiji Februari. Mto ni mpana na una mamba, kwa hiyo mwenye mtumbwi ndo mwenye mto. Wavinza walikuwa na mitumbwi, mgeni analipa hongo (yaani ushuru wa kupita, sio rushwa) kwa mtawala, halafu analipa tena kwa mvushaji. Stanley alilalamika sana mwaka 1871 utadhani kaporwa, mimi kila nikisoma nacheka, maana mtu anapita nchi ya watu na bunduki na mizigo ya nguo halafu anashangaa kudaiwa ushuru. Kwenye kuvuka, punda wake mmoja aliyemwita Simba alikuwa anavutwa kwa kamba majini, mamba akamkamata shingoni akazama naye. Mbele huko Uha, nchi ya Waha, akaona hongo zimemzidi, akatoroka usiku na msafara wake wote kimyakimya.

Na tusisahau misafara hiyo haikubeba pembe za ndovu peke yake. Watu walipitishwa njia hizohizo wamefungwa, wakielekea pwani. Ukitembea pale usione kila kitu ni cha kupigia picha.

Ombi langu moja, mkiona vipande vya vyungu chini viacheni vilipo. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, lakini hata bila sheria, kigae kikishaondoka mahali pake hakina tena cha kueleza.

Binti wa Ujiji

Ticha shikamoo. Mimi nakuheshimu ila hii ya kuishusha Ujiji siafiki hata kidogo 😂. Ujiji imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia kule UNESCO toka 2006, vituo sita vya njia ya watumwa na pembe, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara kule Tabora, na Ujiji ndo ya mwisho. Uvinza haimo. Halafu mwenye mada ana dada hajazoea kutembea, kwa nini mnampeleka kwenye tanuri la Uvinza wakati anaweza kutembea toka Ujiji kwenda bonde la Luiche hapahapa, mto upo, mashamba ya mpunga yapo, ndege kibao, mchana anarudi kula kwao? Mimi namuonea huruma huyo dada.

Ticha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Sijaishusha. Swali langu kwako ni hili, msafara ulipofika Ujiji ulikuwa unakula ugali na mboga isiyo na chumvi?

Binti wa Ujiji

Hapo umenipata kidogo lakini bado 😂😂

Dereva wa Kosta

Luiche ni nzuri ila ni matope na mbu, tusidanganyane. Kila bonde lina yake.

Mimi nimekuja kusema la mamba maana naona mmelipita haraka haraka. Ruchugi kiangazi unakuwa mdogo watu wanafua na kuoga, mgeni akiona hivyo anapata ujasiri wa bure. Malagarasi ni kitu kingine. Haukauki, maji yake yanashikiliwa na yale mabwawa makubwa ya Malagarasi-Muyovozi huko juu, ardhi oevu ya kilomita za mraba 32,500, ndo eneo la kwanza la Tanzania kuingia mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000. Kwa hiyo hata Septemba mto umejaa, na viboko na mamba wamo. Msikae ukingoni kwenye majani marefu, msiingie kuosha miguu, picha pigieni kwenye ukingo ulio wazi na mkiwa na mwenyeji. Kuvuka kwa mtumbwi kwa ajili ya raha tu mimi sishauri, ukitaka kuuona mto kwa juu nenda na gari mpaka daraja la Kikwete, unauona wote na huna ugomvi na mamba.

Na mbung'o. Mkiingia kwenye miyombo msivae nguo za bluu au nyeusi, wanazipenda hizo. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Dada mwambie mapema asije na jinzi yake ya bluu halafu akarudi analia.

Mtembezi wa Mwanga

Daah, sikutegemea majibu haya. Ticha ahsante sana, hiyo ya 1967 nimemtumia jamaa wa ofisini, sasa yeye ndo anajidai utadhani alichimba mwenyewe.

Dada kasoma uzi wote. Anasema Luiche ataenda na Binti wa Ujiji siku nyingine, lakini Uvinza anataka kuona hiyo chumvi inavyotoka ardhini. Sharti lake ni moja, asitembee zaidi ya masaa matatu kwa mkupuo. Sasa Mvinza, inawezekana wengine tukaenda mpaka kwenye maungio na yeye akabaki mahali salama? Na hapo kwenye maungio kuna nini hasa cha kuona, au ni mito miwili imekutana basi?

Mvinza wa Stesheni

Inawezekana sana. Aje nanyi mpaka upande wa chemchemi, akichoka arudi na bodaboda mpaka sokoni, kuna mama lishe wa uhakika, ugali wa muhogo na samaki wa Malagarasi. Ila mpange mapema na kijana wa bodaboda mumpe namba na muda, mkiingia bondeni mtandao unakata na kuja.

Kwenye maungio ni mito miwili imekutana ndiyo, hakuna kibao wala sanamu wala duka la soda. Ukitaka kitu cha kukuambia "simama hapa" hakipo. Lakini kaa hapo kidogo. Wanaosoma miamba wanasema Malagarasi ulikuwepo kabla ya Ziwa Tanganyika kutokea, ulikuwa unakwenda moja kwa moja kuungana na mto Kongo, ardhi ikapasuka ziwa likaukata katikati. Ndo maana mto huu una samaki ambao ndugu zao wako Kongo na sio ziwani. Sisi wavuvi tulikuwa tunawajua hao samaki siku zote, hatukujua tu ukoo wao.

Sasa hapo ulipokaa, upande mmoja unakuja Ruchugi na maji ya Kasulu, mbele yako mto mzee kuliko ziwa, nyuma yako chumvi ya miaka elfu na mia tano aliyosema ticha. Mimi nimezaliwa hapa na bado napapenda.

Binti wa Ujiji

Haya basi na mimi nahesabika, nafasi ya tano ipo kwenye gari? Nachangia mafuta.

Mtembezi wa Mwanga

Ipo. Jumamosi ya pili ya Julai, tunakutana Mwanga sokoni saa kumi na nusu alfajiri, na sio saa ya Kigoma.

Dereva wa Kosta

Angalieni na tairi ya akiba kabla hamjatoka. Na mkirudi jioni punguzeni mwendo, ng'ombe wanapenda kulala kwenye lami usiku.

Mvinza wa Stesheni

Nitamwambia mtendaji mnakuja. Mje na chenji ndogondogo, hapa ukitoa elfu kumi kununua ndizi za mia tano mama atakuangalia tu. Na chumvi mnunue hapahapa kwa wakina mama, sio mkifika Kigoma mjini mnanunua ileile kwa bei ya juu.